Kopi ya Pili

Koti la Karani bado linaning'inia hapa kwangu, kwenye msumari nyuma ya cherehani, na wiki haipiti bila mtu kuniuliza bei yake. Nawaambia haliuzwi, lina mwenyewe. "Mwenyewe gani tena, fundi, si mulishamuzika?" Ndiyo, tulimzika, nilikuwepo. Tulikuwa watu wachache na padri alikuwa na haraka. Lakini koti haliuzwi. Wanaondoka wakinicheka, wengine wanasema sisi wanawake wa mtaa wa Waswahili hapa Rumonge tuna vichwa vigumu. Wacha wacheke, mimi nina kazi ya kufanya.

Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, msiniulize. Kwanza sijui vizuri, pili mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ninachojua ni kwamba alirudi kutoka Tanzania na wale waliorudi, akafanya kazi ya ukarani mahakamani mpaka wakamstaafisha, kisha akapanga chumba nyuma ya banda langu la kushonea. Tulikaa majirani miaka kumi na moja. Mji mzima ulimwita Karani, hata baada ya kustaafu. Mimi nilimwita muzee, yeye aliniita fundi, na kwa miaka yote hiyo hatukuvuka hapo.

Kiswahili chake kilikuwa cha huko Tanzania, kimenyooka kabisa, mpaka wateja wangu waliona haya kufungua mdomo mbele yake. Sisi tunasema iko hivi, iko vile, tunachanganya na Kirundi, mambo yanakwenda. Yeye akisikia "karatasi iko wapi" anakunja uso utadhani amekanyaga mwiba. Lakini hakumsahihisha mtu. Alikunja uso tu, halafu akaendelea kuandika.

Maana kazi yake baada ya kustaafu ilikuwa kuandika. Aliweka meza ndogo mlangoni kwangu, kivulini mwa mabati yangu, bila hata kuniomba ruhusa, na watu wenye shida na ofisi za serikali wakawa wanamjia. Mtu ameomba karatasi ya shamba, hajibiwi. Mwingine ameomba ruhusa ya kujenga ukuta, kila siku anaambiwa apite kesho. Walimlipa kwa walichokuwa nacho, ndagala wa ziwani, mawese, mkungu wa ndizi. Mawese mengi aliniachia mimi, kwa sababu mpishi alikuwa yeye mwenyewe na hakujua kupika.

Kabla ya yote, alikuwa na sheria yake ya kopi ya pili. Yeye alisema nakala, sisi tulisema kopi. Hakuandika barua moja hata siku moja. Aliandika mbili, kwa mkono, neno kwa neno, na kumwambia mtu: "Hii unawaachia. Hii nyingine wanakupigia muhuri na tarehe kwamba wamepokea, unarudi nayo. Ukirudi bila muhuri, hukuandika." Watu walilia sana na huo muhuri! Katibu anakwambia weka hapo mezani, nitaona. Unaweka, unaondoka, na barua yako inafungiwa maandazi. Karani akawa anawarudisha palepale. Kuna baba mmoja wa Muhuta alirudishwa mara nne kwa siku moja, mara ya tano akaketi chini katikati ya mlango wa ofisi mpaka wakampigia muhuri ili wapate kupita.

Na ukija kwake ukifurahia muhuri, hapo ndipo anakuvunja moyo. "Muhuri si jibu," anasema. "Muhuri ni siku ya kwanza. Toka hapo ndipo tunaanza kuhesabu." Nimesikia maneno hayo mara nyingi kuliko nilivyosikia jina langu.

Kwa ajili ya hizo kopi, nilimshonea mifuko ya ndani kwenye kila nguo aliyokuwa nayo. Koti, mashati, hata pajama, haki ya Mungu. Mfuko wa upande wa kushoto, upana wa karatasi iliyokunjwa mara mbili, na kifungo. Nilimwuliza pajama ya nini, muzee, utalala na barua? Akasema nyumba huungua usiku, fundi. Nikamshonea.

Mtu akija na shida yake, Karani hakumpa pole. Alimwuliza maswali matatu, akiwa ameshika kalamu lakini haandiki. Sheria inasema huyo bwana *lazima* afanye, au inasema *anaweza* kufanya? Ulimwomba kwa karatasi? Ulimpa muda? Kama jibu la swali moja ni hapana, kalamu inarudi mfukoni. Nakumbuka kijana aliyetaka kumshitaki mkubwa wa ofisi fulani kwa sababu hakumpa kazi. Karani akamwambia: "Kukupa kazi ni hiari yake. Jaji hamshiki mtu mkono kwa jambo la hiari." Mwingine, mtu mzima na tumbo lake, alisema ombi lake alilitoa kwa mdomo kwenye arusi, mbele ya mashahidi, wakinywa. Karani akamtazama. "Ulimwomba nani? Yeye au chupa?" Nilicheka mpaka nikajidunga sindano.

Mimi sikusoma sana, lakini ukikaa miaka kumi na moja karibu na mtu wa namna hiyo, sheria inakuingia yenyewe. Nilielewa jambo hili: mahakama inaweza kumwamuru mtu wa ofisi afanye kile sheria inachomlazimisha, na kikubwa inachomlazimisha ni kukujibu. Kukujibu ndiyo au hapana, hapo jaji haingii, kama sheria imemwachia bwana mkubwa apime mwenyewe. Anaamriwa afungue mdomo. Haamriwi aseme nini.

Kuna mama muuza ndagala wa Gatete ambaye hakulielewa hilo, na nusura ampige Karani. Aliomba nafasi ya kuanikia samaki karibu na barabara. Mwaka mzima kimya. Karani akamwandikia mara mbili, mihuri yote ikawepo, wakaenda mahakamani, jaji akaamuru ajibiwe. Akajibiwa. Hapana! Yule mama alikuja hapa analia, amefunga kitenge kiunoni kama anaenda kupigana. "Umenitembeza mwaka mzima ili niambiwe hapana? Hapana si ningejiambia mwenyewe nyumbani?"

Karani akaichukua ile karatasi, akaisoma polepole. "Mama, jana ulikuwa unaongea na ukuta," akamwambia. "Leo una hapana, na chini yake wameandika sababu. Sababu tunaweza kuijibu." Sababu ilikuwa umbali, meza za samaki ziko karibu mno na lami. Wakaomba upya, hatua kadhaa nyuma. Akapewa. Mpaka leo anaanika palepale, na kila akipita hapa anaangalia pale ilipokuwa meza ya Karani halafu anatazama pembeni.

Msidhani namsifu. Alikuwa mtu mgumu, na mengine yake yaliniudhi. Mtu wa sheria kiasi kile, lakini kwenye mchezo wa dama alikuwa mwizi! Umeme ukikatika tulicheza kwa vizibo vya soda, na ukigeuka tu kuangalia mteja, kizibo chako kimoja hakipo. Ukimwuliza, anasema: "Una ushahidi?" Nilimtafutia ushahidi mara moja, nikakuta vizibo vinne kwenye mfuko wa ndani, ule niliomshonea mwenyewe.

Lakini kilichoniudhi kuliko vizibo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kujibu. Umewahi kusikia kitu kama hicho? Nchi nzima ijibu, yeye akae kimya. Ukimwalika arusi, hasemi anakuja wala haji. Ukimsalimia asubuhi amahoro muzee, kuna siku anaitikia, kuna siku anapita kama hakuona mtu. Jumamosi jioni, watu wakishuka ziwani kupunga upepo, yeye alifunga mlango na kuwasha redio, na nje sisi tulisikia taarifa ya habari ikimsomea yeye peke yake. Nilimpelekea wali siku ya Idi mwaka wa kwanza. Akarudisha sahani imeoshwa, bila neno. Mwaka wa pili nikapeleka tena, nikijiuliza mimi ni mpumbavu wa aina gani. Sahani imeoshwa, bila neno. Nikazoea.

Siku moja alikuja na lile koti, la kijivu, la kizamani, akataka nitanue mfuko wa ndani. Nikamwambia umejaa nini mpaka hautoshi, akatoa bahasha tatu za zamani na kuziweka juu ya cherehani. Stempu za Tanzania. Akasema, kwa sauti ileile ya kila siku: "Ni za binti yangu."

Miaka tisa jirani yangu, sikujua ana mtoto.

Alinieleza akiwa amesimama. Mama wa mtoto alikataa kurudi Burundi, akabaki Kigoma na binti, baadaye akaolewa na mtu mwingine. Karani akaondoka na hasira zake. Binti alipokua akamwandikia. Barua ya kwanza ilikuwa ya salamu. Ya pili na ya tatu zilikuwa na ombi. Alizaliwa kambini, hana karatasi ya huku wala ya kule, kila anakokwenda anaambiwa wewe si mtu wetu. "Baba, nenda ofisini ukanitambue, niandikwe." Ndivyo alivyoandika.

"Ukamjibu nini?" nikamwuliza.

Akawa anaangalia uzi.

"Muzee. Ulimjibu nini?"

"Sikumjibu."

Weee! Nilitupa mkasi. Nilimwambia maneno ambayo fundi hamwambii mteja. Nilimwambia wewe, wewe wa muhuri na tarehe, wewe unayewapeleka watu kwa jaji kwa sababu ya kimya, umemfanyia mwanao kimya miaka mingapi? Hakujitetea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono juu ya magoti, na nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mzee. Akasema alipozisoma alimsikia mama mtu ndani ya maneno ya binti, akazifunga, akasema atajibu hasira ikipoa. Ilipopoa aliona haya. Hapo hakuna swali la sheria. Nilimhurumia, na hasira yangu nayo haikuisha.

Kisha akanisimulia kitu kimoja, na tangu hapo sijakisahau. Kule kambini alikuwa anawaandikia watu barua vilevile, na binti, ana miaka saba au minane, alijipa cheo cha mpokeaji. Hakuna barua iliyotoka kwenye kibanda chao bila yeye kuandika chini ya kopi ya pili, kwa mwandiko wake mkubwa: *Nimepokea*. Tarehe. Jina. Alikata kipande cha muhogo, akakichovya kwenye wino, akapiga muhuri. "Alikuwa mkali kuliko katibu yeyote," Karani akasema. Akacheka kidogo. Nikatanua mfuko.

Basi akaanza yeye mwenyewe safari aliyokuwa akiwapeleka wenzake. Aliomba kwenye ofisi ya etasivili, wanakoandika watu wanaozaliwa, wanaooa na wanaokufa, kwamba amtambue binti yake aandikwe. Ofisi gani, sisemi, bado na mimi nina mambo yangu ya kupeleka huko. Kijana wa dirishani alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. "Muzee, pita wiki ingine. Chef, mukubwa wetu, hayiko." Wiki nyingine: "Muzee, dosiye yako iko mezani kwa chef." Wiki nyingine: "Muzee, iko kazi mingi, utuvumilie kidogo." Mwaka ukaisha. Miguu ilianza kumvimba. Jicho moja likaingia ukungu, la pili likafuata. Mimi ndiye niliyejua alichokuwa anakiogopa, maana aliniambia: baba lazima asimame mbele ya afisa kwa miguu yake na kusema huyu ni mwanangu. Akifa kabla, basi, hakuna wa kusema kwa niaba yake.

Akaenda mahakamani Bujumbura. Alivaa lile koti, nikalipiga pasi, akashika njia ya kupitia Kabezi saa kumi na mbili asubuhi, peke yake. Nilitaka kumsindikiza akakataa. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu alirudi na karatasi ya jaji, na maswali yake matatu yote yalikuwa yamejibiwa ndani yake: afisa analazimika, ameombwa kwa maandishi, amepewa muda wa kutosha. Ofisi imjibu mzee huyu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja.

"Hawakuamuru wamwandike?" nikamwuliza.

"Hawawezi. Afisa ana haki ya kupima kwanza." Alikuwa ametulia kabisa. "Waliamuru wanachoweza."

Jibu likaja siku ya ishirini na tisa. Lilikuwa hapana yenye sababu: mtu mzima hatambuliwi bila yeye mwenyewe kuwepo. Binti aje, asimame pamoja na baba, mashahidi wawili, wataandikwa siku hiyohiyo. Niliruka. Nikasema muzee si umeshinda! Ni hiyo tu! Akanikazia yale macho yake ya ukungu.

"Fundi," akasema, "hiyo tu ndiyo gani? Sasa inabidi nimwombe yeye."

Nikamtafutia karatasi safi.

Aliandika barua hiyo siku nne. Mimi nikishona, yeye anachana. Mistari ilipanda na kushuka, lakini hakukubali nimwandikie. Hakuniambia aliandika nini na mimi sikuuliza. Mwishoni akaniletea karatasi mbili ili nizikunje sawa, na ndipo nikaona zinafanana, neno kwa neno. Mazoea. Nikamwambia muzee, mtoto hapelekewi kopi ya kupiga muhuri, atakuona umeharibika akili. Akasema peleka hivyohivyo. Nikampa zote mbili mama mmoja mfanyabiashara wa sabuni, anayevuka na maboti ya mizigo kwenda Kigoma na kurudi. Mama huyo akauliza, na akikataa kuipokea? Nikamwambia basi rudi nazo zote.

Siku hizo Karani alihamia kabisa kwenye banda langu. Hakuandikia watu tena. Alikaa kwenye kiti cha wateja akisikiliza barabara, na likisimama gari, anageuza kichwa. Siku moja akasema, bila mtu kumwuliza: "Yeye si ofisi. Hakuna jaji wa kumpelekea." Nikasema ndiyo, muzee. "Wala sheria haisemi lazima." Ndiyo, muzee. Nilijishughulisha na kola ya shati la shule ili asinione. Mungu anisamehe, siku zile nilimpenda kama baba yangu, na sikujua namna ya kumwambia.

Mama wa sabuni alirudi asubuhi moja ya mvua nyepesi. Alinipa bahasha akasema kwa haraka, kama mtu anayetaka kuondoka: "Alinifungulia mlango. Alisoma amesimama. Akaingia ndani, akarudi na hii. Hakusema kitu." Akaenda zake.

Karani alikuwa amenyoosha mkono tayari. Akaifungua mwenyewe, akaipapasa, akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali. Kisha akanipa. "Soma."

Ilikuwa kopi ya pili. Barua ya baba, na mistari yake inayopanda na kushuka, niliiruka. Chini kabisa kulikuwa na maandishi ya mtu mwingine, madogo, yaliyonyooka.

"Nimepokea," nikasoma. Nikasoma tarehe. Nikasoma jina. Nikageuza karatasi nyuma. Kweupe. Nikatazama ndani ya bahasha. "Ni hayo tu, muzee." Na hapo nikashindwa kujizuia. "Hata salamu? Hata pole baba? Mtu ameandika siku nne, macho hayaoni, na yeye..."

"Tarehe imo?"

"Imo."

"Na jina. Lote?"

"Lote. Na lako limo mwishoni."

"Soma tena."

Nikasoma tena. Nimepokea, tarehe, jina, na jina la baba yake. Yeye mwenyewe aliyewafukuza watu hapa mlangoni kwa kufurahia muhuri, nilidhani atakunja uso. Akachukua karatasi, akaikunja mara mbili, akaiweka mfuko wa ndani upande wa kushoto, akafunga kifungo. Ilimchukua muda, vidole havikumtii. Sikumsaidia.

"Hajajibu," akasema. "Amepokea. Leo ni siku ya kwanza."

Kisha akavua koti. Akaniomba nilipige pasi, nikampigia palepale, kwa mkaa, taratibu, nikipita juu ya karatasi bila kuitoa kwa sababu hakutaka itoke. Nilipomrudishia hakulipokea. Akasema lisikunjamane kule chumbani kwake, litundike hapo kwako, binti akija nitapita kulichukua tukiwa njiani kwenda ofisini. Nikamwambia kuna baridi, muzee, na mvua bado inadondoka.

"Ni hapo nyuma tu, fundi. Murakoze," akasema, akinishukuru kwa Kirundi, akatoka na shati lake.